Kulibana Jibu: Namna ya Kufumbua Mlinganyo Usio na Kanuni

Umekopa shilingi 1,000,000, na sharti ni kurejesha 100,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi 12. Jumla ya marejesho ni 1,200,000, kwa hiyo aliyekukopesha anasema riba yake ni asilimia 20 kwa mwaka. Kauli hiyo ingekuwa kweli kama ungekaa na milioni nzima mwaka mzima, ndipo ukairudisha kwa mkupuo mmoja. Sivyo ilivyo. Unaanza kuirudisha mwezi wa kwanza tu, na ukishatoa rejesho la saba deni limekwisha kushuka chini ya nusu, ilhali riba uliyopangiwa imehesabiwa kana kwamba milioni yote bado iko mfukoni mwako.

Swali la haki ni hili: ni riba gani ya mwezi, inayotozwa juu ya salio peke yake, ambayo baada ya rejesho la 12 inaliacha deni likiwa sifuri? Tuiite r. Ukiliandika swali hilo kihesabu unapata mlinganyo ambao ndani yake 1 + r imezidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 12, na r hiyohiyo iko pia chini ya mstari wa kugawanya. Hakuna kanuni ya kuichomoa humo.

Usidhani ni upungufu wa shule uliyosoma. Mlinganyo wa kipeo cha pili una kanuni yake maarufu. Ya kipeo cha tatu na ya kipeo cha nne ina kanuni ndefu zilizochapishwa na Girolamo Cardano mwaka 1545. Kwa kipeo cha tano, Niels Henrik Abel wa Norwei alithibitisha mwaka 1824 kwamba kanuni ya jumla, ile ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo, haiwezi kuwapo. Milinganyo mingi inayotokana na kazi za kweli, za fedha, za ujenzi au za anga, ni ya aina hiyo.

Jibu, hata hivyo, lipo, na unaweza kulipata kwa tarakimu nyingi kadiri unavyotaka. Unakisia, unapima umekosea kwa kiasi gani na upande gani, unarekebisha kisio, unarudia. Kikokotoo cha simu, karatasi na kalamu vinatosha. Ninachokuomba ushikilie tangu mwanzo ni utaratibu mmoja: kwanza libane jibu kati ya namba mbili, kisha ndipo utafute njia ya kulikimbilia. Wanaofundishwa kukimbia kwanza hupata namba nzuri wasizoweza kuzitetea.

Tafuta namba mbili

Anza na kisio chochote chenye akili. Chukua 3% kwa mwezi, ufuate deni kama mtunza daftari. Mwezi wa kwanza 1,000,000 inazaa riba ya 30,000, unalipa 100,000, salio ni 930,000. Mwezi wa pili riba ni 27,900 na salio linakuwa 857,900. Mwezi wa tatu riba ni 25,737, salio 783,637. Endelea hivyo hadi mwezi wa 12, na utabakiwa na deni la 6,558.

Deni limebaki. Maana yake 3% ni kubwa mno, kwa sababu riba halisi ni ile ambayo marejesho yako yanaimaliza kabisa. Sasa jaribu 2%. Safari hii unaishia kwenye hasi 72,967, yaani umelipa kupita kiasi. Basi 2% ni ndogo mno.

Kama hutaki kuandika miezi yote 12 kila mara, tumia mkato huu, unaotoa salio la mwisho moja kwa moja:

salio = 1,000,000 × (1 + r)¹² − 100,000 × [(1 + r)¹² − 1] ÷ r

Kumbuka kuandika 3% kama 0.03. Mara ya kwanza, hata hivyo, nakushauri upitie njia ndefu ya daftari, ili uone kwa macho yako kwamba mkato huu haufichi kitu.

Ulichokipata kwa majaribio hayo mawili ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. Kwa 2% salio ni hasi, kwa 3% ni chanya, na salio hilo hupanda bila kuruka kadiri riba inavyopanda. Kitu kinachotoka hasi kwenda chanya bila kuruka hakina budi kupita kwenye sifuri. Bernard Bolzano wa Prague alilithibitisha hilo kwa ukali wa kihesabu mwaka 1817. Kwa hiyo unajua, wala hukisii tena, kwamba r iko kati ya 2% na 3%.

Yazingatie sana maneno “bila kuruka”. Chukua 1 ÷ x: kwa x = −1 unapata hasi, kwa x = 1 unapata chanya, lakini hakuna x inayotoa sifuri, kwa kuwa penye sifuri mgawanyo huo unavunjika. Kabla ya kuiamini mipaka yako, hakikisha katikati yake hakuna mahali pa kugawanya kwa sifuri.

Kata katikati

Njia ya kwanza ya kuusogeza mpaka ni kujaribu namba ya katikati. Kwa 2.5% salio ni −34,666. Ni hasi, kwa hiyo jibu liko kati ya 2.5 na 3. Kwa 2.75% ni −14,430. Kwa 2.875% ni −4,031. Kwa 2.9375% ni +1,239, na hapo alama imegeuka: jibu liko kati ya 2.875 na 2.9375. Unafanya kama muuza sukari anayeongeza na kupunguza kijiko mpaka mizani itulie, tofauti ni kwamba wewe kila mara unaongeza au kupunguza nusu ya pengo lililobaki.

Kila hatua hulikata pengo nusu. Hatua 10 huligawanya kwa 1,024, yaani unapata takriban tarakimu tatu zaidi za jibu. Wataalamu wengi huidharau mbinu hii kwa upole wake. Mimi naiheshimu kuliko zote, kwa sababu haijawahi kumwangusha mtu aliyeanza na mipaka sahihi, na kila inaposimama inakupa jibu pamoja na ukubwa wa kosa lake.

Hata hivyo, ina kitu inachokitupa bure. Inaangalia alama ya salio tu, haiangalii ukubwa. Rudi kwenye majaribio mawili ya mwanzo: kwa 2% ulikosea kwa 72,967, kwa 3% ulikosea kwa 6,558 tu. Ni wazi jibu liko karibu zaidi na 3. Kwa nini basi ukajaribu 2.5?

Gawanya pengo kwa uwiano wa makosa. Umbali wote kutoka −72,967 hadi 6,558 ni 79,525. Sehemu ya 72,967 katika hiyo ni 0.9175. Kwa hiyo jaribu 2.9175%. Salio linalotoka ni −452. Kwa jaribio moja umefika mahali ambapo kukata katikati kusingekufikisha kwa manne.

Rudia kati ya 2.9175 na 3: zidisha pengo la 0.0825 kwa 452, ugawanye kwa 7,010, upate 0.0053. Kisio kipya ni 2.9228%. Hapo salio linapishana na sifuri kwa shilingi chache tu, upande wa hasi. Mbinu hii ina kasoro moja ambayo vitabu huipita haraka: mara nyingi upande mmoja wa mipaka hukwama. Hapa 3% imebaki palepale, na pengo halijabanwa kutoka juu ingawa kisio ni kizuri. Dawa yake ni rahisi. Mwenyewe chagua namba iliyo juu kidogo ya kisio na uijaribu. Kwa 2.923% salio ni chanya. Basi jibu liko kati ya 2.9228% na 2.9230%, na hilo ni jambo unaloweza kumwonyesha mtu yeyote mwenye kikokotoo.

Riba ya mwezi ni takriban 2.923%. Zidisha kwa 12: ni asilimia 35 na ushee kwa mwaka, si 20. Mkopo huohuo, marejesho yaleyale.

Mzee Heron na kiwanja cha pembetatu

Kabla ya kwenda mbali, itazame mbinu ya kutafuta kipeuo cha pili, maana ni ya kale na bado haijapata mpinzani kwa usafi wake. Heron wa Aleksandria, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alitaka eneo la pembetatu yenye pande 7, 8 na 9. Nusu ya mzunguko wake ni 12. Ukitoa kila upande unapata 5, 4 na 3, na eneo ni kipeuo cha pili cha 12 × 5 × 4 × 3, yaani cha 720.

Namba mraba iliyo karibu na 720 ni 729, ambayo ni 27 × 27. Heron akachukua 27 kama kisio. Gawanya 720 kwa 27: unapata 26⅔. Angalia kilichotokea. Kama 27 imezidi, 26⅔ lazima ipungue, kwa kuwa zao lao ni 720 kamili. Mgawanyo mmoja umekupa mipaka miwili bila wewe kuitafuta. Chukua wastani: 26⅚. Izidishe kwa nafsi yake upate 720 na sehemu moja ya 36. Heron mwenyewe aliandika kwamba anayetaka kosa dogo zaidi na arudie kwa namba hii mpya. Tumtii: 720 ÷ 26.8333333 ni 26.8322981, na wastani wao ni 26.8328157. Tarakimu zote hizo ni sahihi. Marudio mawili tu, kwa mkono.

Wababiloni nao walikuwa mbali katika mambo haya. Kibao cha udongo kilichohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, kijulikanacho kama YBC 7289, cha kati ya miaka 1800 na 1600 hivi kabla ya Kristo, kina kipeuo cha pili cha 2 kilichoandikwa kwa hesabu ya sitini-sitini: 1, 24, 51, 10. Kwa desimali ni 1.41421 na ushee, tarakimu zote hizo sahihi. Njia yao haikuandikwa kibaoni.

Newton, Raphson na mteremko

Heron alikuwa na bahati kwamba mlinganyo wake ni rahisi. Kwa milinganyo mingine, mbinu ya kasi ni ile inayobeba majina ya Newton na Raphson. Wanaosoma Hisabati ya Juu kidato cha tano na cha sita Tanzania hukutana nayo, na wengi huikariri bila kuiona ndani.

Newton aliifanya kwa mlinganyo x³ − 2x − 5 = 0, katika maandishi ya mwaka 1669 yaliyokuja kuchapishwa 1711. Tumfuate. Weka x = 2: 8 − 4 − 5 ni −1. Weka x = 3: 27 − 6 − 5 ni 16. Jibu liko kati, na bila shaka karibu na 2.

Sasa uliza: nikiisogeza x kidogo kutoka 2, upande wa kushoto unabadilika kwa kasi gani? Anayejua kalkulasi atasema kasi hiyo, yaani mteremko, ni 3x² − 2, na penye x = 2 ni 10. Asiyejua ajaribu 2.001: x³ − 2x − 5 inakuwa −0.989994, imepanda kwa 0.010006 kwa hatua ya 0.001, yaani karibu mara 10. Jibu ni lilelile. Basi kama ninahitaji kupanda kwa 1 ili nifike sifuri, na kila hatua hunipandisha mara 10, nisogee 0.1. Kisio kipya ni 2.1.

Rudia. Penye 2.1 thamani ni 0.061 na mteremko ni 11.23. Gawanya: 0.0054319. Safari hii thamani ni chanya, kwa hiyo rudi nyuma: 2.0945681. Mara moja zaidi unapata 2.09455148, na tarakimu zote hizo ni sahihi. Linganisha makosa: penye 2.1 ulikuwa umekosea kwa 0.0054, hatua inayofuata kwa 0.000017, inayofuata kwa chini ya 0.000000001. Idadi ya tarakimu sahihi inakaribia kuongezeka maradufu kila hatua. Hiyo ndiyo sifa ya mbinu hii, na ndiyo sababu imetawala.

Haki ya historia: Newton hakuifanya hivi hasa. Yeye kila mara aliandika mlinganyo mpya wa kosa lililobaki, kazi ndefu yenye kuchosha. Joseph Raphson, katika kitabu chake cha mwaka 1690, ndiye aliyeonyesha kwamba unaweza kurudia hesabu ileile juu ya mlinganyo uleule. Anayerudia hatua moja kwa kikokotoo leo anafuata nyayo za Raphson zaidi kuliko za Newton.

Ubaya wake ndio huu: haina breki. Jaribu mlinganyo huohuo ukianzia 0.8. Thamani ni −6.088, mteremko ni −0.08, karibu bapa kabisa. Ukigawanya unapata hatua ya zaidi ya 76, na kisio chako kinarushwa hadi −75.3. Mbaya zaidi ni x³ − 2x + 2 = 0 ukianzia sifuri. Thamani ni 2, mteremko −2, unakwenda 1. Penye 1 thamani ni 1, mteremko 1, unarudi 0. Kutoka 0 unakwenda 1, kutoka 1 unarudi 0, na utaendelea hivyo mpaka betri iishe. Mlinganyo huo una jibu, liko kati ya −2 na −1, lakini mbinu haina habari nalo.

Ndiyo maana nilisisitiza mipaka. Ukiwa na namba mbili zinazolibana jibu, hatua ya Newton ikikutupa nje ya mipaka, ikatae, kata katikati mara moja, kisha mwachie Newton aendelee. Programu nzuri za kompyuta za kutafuta majibu zimejengwa juu ya mseto wa namna hiyo: mbinu ya kasi ikichungwa na mbinu ya uhakika. Na ukishapata jibu la Newton, lipime kwa pande zote mbili. Penye 2.0945 thamani ni hasi, penye 2.0946 ni chanya. Hapo umemaliza kweli.

Kisio kinachojilisha

Ipo njia nyingine isiyohitaji mteremko wala mipaka ili ianze. Panga mlinganyo ili x ibaki peke yake upande mmoja, hata kama x nyingine iko upande wa pili. Weka kisio upande wa kulia, toa tokeo, lirudishe ndani, rudia.

Aliyeitumia kwa ustadi wa kustaajabisha ni Jamshid al-Kashi, mtaalamu wa kituo cha nyota cha Ulugh Beg huko Samarkand, aliyefariki mwaka 1429. Majedwali ya wanajimu yalihitaji sini ya digrii 1. Sini ya digrii 3 hupatikana kwa vipeuo vya pili, lakini kuigawa pembe hiyo kwa tatu huleta mlinganyo wa kipeo cha tatu. Ukiita sini ya digrii 1 kuwa x, unaweza kuupanga hivi: x ni theluthi ya sini ya digrii 3, ukijumlisha 4x³ ÷ 3. Kwa kuwa x ni ndogo, x³ ni ndogo mno, na kosa lililomo humo karibu lipotee.

Sini ya digrii 3 ni 0.0523359562. Theluthi yake ni 0.0174453187, hicho ndicho kisio cha kwanza. Kirudishe ndani: 0.0174523978. Kirudishe kipya tena: 0.0174524064. Hiyo ndiyo sini ya digrii 1 kwa desimali 10. Al-Kashi alikwenda mbali zaidi ya hapo, bila mashine yoyote.

Lakini mpangilio ndio roho ya mbinu hii. Chukua mlinganyo wa Newton. Ukiupanga x = (x³ − 5) ÷ 2 na kuanza na 2.1, unapata 2.1305, kisha 2.335, kisha 3.87: unakimbia jibu. Ukiupanga x = kipeuo cha tatu cha 2x + 5 na kuanza palepale, unapata 2.0954, kisha 2.0947, kisha 2.0946: unalifikia. Kanuni ya kuamua ni hii: sogeza kisio kidogo utazame tokeo linasogea kiasi gani. Likisogea kidogo kuliko kisio, utafika. Likisogea zaidi, upange upya.

Ukiupanga mlinganyo wa mkopo wetu kwa njia hii unapata r = [1 − 1 ÷ (1 + r)¹²] ÷ 10. Hapa pana mitego miwili, na yote miwili ni ya kweli kazini. Wa kwanza: r = 0 nayo inaukubali mlinganyo huu. Si jibu la mkopo. Imeingia kwa sababu tulizidisha pande zote kwa r ili kuondoa mgawanyo. Kila unapozidisha kwa kisichojulikana, jiandae kukutana na jibu bandia.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Anza na 3%. Tokeo ni 2.9862%. Umesogea kwa 0.0138 tu. Mtu mwenye haraka ataona namba mbili zinafanana, aseme amefika. Jibu bado liko umbali wa 0.063, zaidi ya mara nne ya hatua aliyopiga. Mbinu inayojivuta hupiga hatua ndogo hata ikiwa mbali na jibu.

Lini uache

Kwa hiyo usiache kwa sababu tu visio vimeanza kufanana. Usiache pia kwa sababu tu thamani imekuwa ndogo, maana ndogo ni neno la kulinganisha: salio la shilingi 452 kati ya milioni linaonekana dogo, lakini lilikuwa limekificha kisio kilichokosea kwenye desimali ya tatu. Acha pale unapoweza kutaja namba mbili, moja chini na moja juu, zenye alama tofauti, na pengo lake ni dogo kuliko usahihi unaouhitaji. Na usahihi unaouhitaji uamue kabla ya kuanza. Kwa riba ya mkopo, desimali mbili za asilimia zinatosha kabisa.

Mambo madogo ya mezani: usifupishe namba katikati ya kazi, acha kikokotoo kibebe tarakimu zake zote, fupisha mwishoni tu. Andika kila kisio na thamani yake katika jedwali la safu mbili, na alama ya hasi iandike kwa kukoleza. Ukikosea hesabu katikati, mara nyingi kazi hujirekebisha yenyewe, kwa kuwa kila hatua huanza upya na kisio kilichopo. Utapoteza muda, hutapoteza jibu. Lakini ukikosea kuandika mlinganyo wenyewe, utalifikia kwa usahihi mkubwa jibu la swali lisilo lako.

Mashine nazo hufanya hivihivi. Katika Excel ukiandika =RATE(12,-100000,1000000) utapata riba ya mkopo wetu papo hapo, na ndani yake hakuna kanuni ya siri: ni kurudia. Visio visipotulia baada ya marudio 20, Excel hukuletea alama ya kosa, na hapo unatakiwa kuipa kisio bora zaidi. Simu yako inapotafuta ulipo kwa GPS, humo ndani inafumbua mlinganyo wa Johannes Kepler ili kujua kila satelaiti iko wapi kwenye njia yake. Mlinganyo huo nao hauna kanuni ya kuuchomoa. Kwa kuwa njia za satelaiti hizo ni karibu duara, marudio machache huwa yanatosha.

Sasa shika kalamu. Mwaka 1225 Leonardo wa Pisa, tunayemjua zaidi kwa jina la Fibonacci, aliandika jibu la mlinganyo x³ + 2x² + 10x = 20, swali alilopewa mbele ya Kaisari Frederick II. Penye x = 1 upande wa kushoto ni 13, penye x = 1.5 ni 22.875, kwa hiyo mipaka unayo tayari. Gawanya pengo kwa uwiano wa makosa, upate kisio cha kwanza, kisha endelea kwa mbinu unayoipenda. Fibonacci alifika 1.3688081 na zaidi, ila hakueleza alifikaje. Wewe andika kila hatua, na mwishoni taja namba mbili zinazolibana jibu lako.